Kukusanya au kuandaa: Njia mbili za kulisha tovuti

Mtu anapofungua tovuti kwenye simu yake, hana njia ya kujua iwapo ukurasa anaousoma ulikamilika jana jioni au haukuwapo kabisa hadi alipobofya. Kwa macho, kurasa hizo mbili hulingana. Tofauti hujitokeza siku mtambo unapolemewa, siku kosa linapogunduliwa, au siku chanzo cha habari kinapokauka bila mtu kutambua. Kila shule, kanisa, msikiti, chama cha ushirika au serikali ya kaunti inayojenga tovuti hukabiliwa na uamuzi huu, na aghalabu humwachia fundi wa tarakilishi. Nionavyo mimi, uamuzi huo ni wa mhariri kabla ya kuwa wa fundi, na katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini.

Njia ya kwanza ni kuandaa kurasa tuli. Ukurasa tuli ni faili iliyokwisha kuandikwa, ikakaguliwa na kuwekwa kwenye seva, yaani tarakilishi inayohifadhi tovuti. Msomaji anapouomba, seva humkabidhi kama ulivyo. Aliye Lodwar na aliye Likoni hupata maneno yale yale, na yataendelea kuwa yale yale hadi mwenye tovuti atakapoamua kuyabadilisha.

Njia ya pili ni kukusanya. Tovuti kusanyaji hutuma programu ikachukue vichwa vya habari, bei za mazao, ratiba za mechi au utabiri wa hali ya hewa kutoka tovuti nyingine, kisha huvipanga pamoja chini ya paa moja. Mwenye tovuti huenda asiandike hata sentensi moja, na bado ukurasa wake ukajaa habari mpya kila saa.

Waliofanya kazi katika vyumba vya habari kabla ya intaneti kuenea wanazijua njia hizi kwa sura nyingine. Kulikuwa na mashine zilizotapika habari za mashirika ya kigeni usiku na mchana, karatasi zikijikunja sakafuni. Na kulikuwa na gazeti, ambalo likishafungwa na kupelekwa mtamboni halikubadilika tena. Hakuna msomaji aliyeuziwa zile karatasi za mashine. Baina ya mashine na mtambo aliketi mhariri na kalamu yake. Tovuti inayokusanya yenyewe humwondoa mtu huyo kitini, na anayeichagua yafaa ajue hivyo tangu mwanzo.

Habari husafirije?

Ukusanyaji wa habari kwenye wavuti ulipata umbo lake mwaka wa 1999, kampuni ya Netscape ilipobuni mtindo wa faili unaojulikana kwa herufi tatu: RSS. Faili hiyo ni orodha tu. Kila ingizo lina kichwa, kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye habari kamili, muhtasari mfupi na tarehe. Tovuti inayochapisha huiweka orodha hiyo mahali pa wazi, na programu za wengine hupita kuichungulia, tuseme kila baada ya nusu saa. Toleo la RSS 2.0 lilitoka mwaka wa 2002, na mtindo mwingine wenye madhumuni yayo hayo, Atom, ukaidhinishwa mwaka wa 2005.

Mwaka huo wa 2002 ndipo Google ilipoanzisha ukurasa wake wa habari, uliokusanywa na kupangwa na programu. Mhandisi Krishna Bharat alikuwa ameanza kuushughulikia baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, alipoona jinsi ilivyokuwa vigumu kufuatilia tukio moja kupitia magazeti mengi. Aidha, mwaka wa 2005 kampuni hiyo ilileta chombo cha kusomea orodha za RSS, Google Reader, ambacho wengi walikizoea kama kikombe cha chai cha asubuhi. Kilifungwa Julai 1, 2013. Tovuti na mazoea yaliyokuwa yamejengwa juu yake yalibaki yakining'inia.

Si kila chanzo hutoa orodha safi kama hiyo. Pasipo orodha, baadhi ya mafundi huandika programu ya kukwangua, inayosoma ukurasa wa wengine na kuchomoa inachokitaka kwa kutegemea mahali kilipo: tuseme aya ya tatu, au jedwali la pili. Siku mwenye ukurasa anapohamisha jedwali, programu hiyo huchomoa kitu kingine, na huenda isitoe hata ishara kwamba imepotea njia.

Kwa Kiswahili kuna matatizo ambayo walioziunda programu hizi hawakuyawazia. Mojawapo ni ile alama ndogo katika ng'. Chanzo kikitumia mfumo mmoja wa kuhifadhi herufi na mkusanyaji akasoma kwa mfumo mwingine, alama hiyo hugeuka kuwa rundo la herufi zisizosomeka, na kichwa kuhusu ng'ombe wa Kajiado kikaonekana kana kwamba kimekanyagwa na ng'ombe wenyewe. Jingine ni maana. Agiza programu ikukusanyie kila habari yenye neno "mafuta" na utaletewa bei ya petroli, bei ya mafuta ya kupikia na ushauri wa kupaka ngozi, vyote katika safu moja. Neno "paa" litakuletea mabati, swala na ndege zinazoondoka uwanjani.

Kosa linaposafiri

Hayo ni ya kuchekesha. Yapo yasiyochekesha.

Miaka kadhaa iliyopita, kichwa cha habari ya mahakamani kilipita mikononi mwetu kikiwa na kosa baya: jina la shahidi lilikuwa limekaa mahali pa jina la mshtakiwa. Kosa liligunduliwa, na katika muda wa dakika 20 hivi ukurasa wetu ulikuwa umesahihishwa. Lakini tovuti moja iliyokuwa ikikusanya vichwa vyetu ilikuwa imepita katika dakika hizo hizo. Shahidi alipiga simu kesho yake asubuhi. Jamaa zake kijijini walikuwa wakimuuliza ameshtakiwa kwa jambo gani. Nilimweleza kwamba tumesahihisha. Akaniuliza, "Mmesahihisha wapi, bwana mhariri? Mimi bado najiona hapa."

Maelezo ya kiufundi ni mepesi. Kila ingizo katika orodha hupewa alama ya utambulisho, na programu nyingi za kukusanya zikishaona alama zilizokwisha kuichukua huiruka, maana hudhani hakuna jipya. Habari ilikuwa imesahihishwa, lakini alama ilikuwa ile ile. Ilitubidi tumtafute mwenye tovuti kwa barua pepe, naye akajibu siku ya tatu.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza achague njia ipi, swali langu la kwanza huwa hili: kosa likigunduliwa saa tatu usiku, nani ana uwezo wa kulifuta, na msomaji wa mwisho ataona limefutwa saa ngapi? Kwa ukurasa tuli ulio mikononi mwako, jibu ni wewe, na ni katika muda wa dakika chache, kutegemea nakala za muda zilizohifadhiwa njiani. Kwa habari uliyoikusanya, unangojea chanzo kisahihishe, kisha unaomba Mungu programu yako iwe imeandikwa na mtu aliyekumbuka kwamba habari husahihishwa.

Lipo pia suala la haki. Kuchukua kichwa na kiungo ni jambo moja. Kuchukua makala nzima ya mtu na kuipamba kwa matangazo yako ni jambo jingine. Magazeti ya Ubelgiji yalilipeleka suala hili mahakamani dhidi ya Google mwaka wa 2006 na kushinda. Nchini Uhispania, sheria iliyodai malipo kwa dondoo za habari iliifanya Google ifunge ukurasa wake wa habari huko Desemba 2014, na haikuufungua tena hadi Juni 2022. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo wa hakimiliki mwaka wa 2019 unaowapa wachapishaji wa magazeti haki juu ya matumizi ya kazi zao mtandaoni, ingawa viungo vitupu na dondoo fupi sana viliachwa huru. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, na haifumbi macho kwa sababu aliyenakili ni programu.

Nguvu ya ukurasa uliokwisha kuandikwa

Siku ile ya Septemba 11, 2001, dunia ilikimbilia tovuti za habari kwa wakati mmoja, na nyingi zikaanguka. CNN, ambayo ukurasa wake wa mbele ulikuwa umesheheni picha na mapambo, iliyaondoa karibu yote na kubaki na ukurasa mdogo wa maandishi machache. Hapo ndipo tovuti ilipoanza kupumua. Seva inayokabidhi faili iliyokwisha kuandikwa hufanya kazi ndogo mno ikilinganishwa na ile inayolazimika kuuliza hifadhidata, kupanga majibu na kuunda ukurasa upya kwa kila mgeni.

Faili tuli ina fadhila nyingine: yaweza kunakiliwa. Kampuni ya Akamai, iliyoanzishwa mwaka wa 1998 na Tom Leighton na Daniel Lewin kutokana na utafiti wao katika chuo cha MIT, ilijengwa juu ya wazo la kuweka nakala za kurasa katika seva nyingi zilizotawanyika, ili msomaji ahudumiwe na iliyo karibu naye. Lewin alikuwa abiria katika ndege ya kwanza iliyogonga jumba la World Trade Center. Tovuti kadhaa zilizoendelea kusimama siku hiyo zilisimama kwa mbinu alizosaidia kuzibuni.

Kwetu Kenya, jambo la ukaribu si nadharia. Kituo cha kubadilishana data baina ya kampuni za intaneti, KIXP, kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka wa 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya wiki chache, kisha kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka jengo moja la Nairobi hadi la jirani iliweza kupanda hadi setilaiti, ikavuka bahari na kurudi. Nyaya za chini ya bahari zilianza kufika Mombasa mwaka wa 2009. Hata sasa nyaya hizo hukatika: Mei 12, 2024, ile ya EASSy na ile ya Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika eneo zima la Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, ukurasa tuli wenye nakala hapa nchini hufunguka. Tovuti inayosubiri majibu ya vyanzo vitano vilivyo ng'ambo humwonyesha msomaji duara linalozunguka, naye bado anakatwa salio la data.

Anayedhani kurasa tuli ni za wanyonge na akumbuke kampeni ya urais ya Barack Obama mwaka wa 2012. Tovuti yake ya kuchangisha fedha ilitumia kurasa tuli zilizoundwa kwa programu ya Jekyll na kusambazwa kupitia Akamai. Upokeaji wa malipo wenyewe, bila shaka, ulishughulikiwa na mfumo mwingine nyuma yake.

Usalama ni sababu nyingine. Januari 2012, mdukuzi mmoja aliharibu kurasa za tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mpigo. Tovuti isiyo na hifadhidata wala ukurasa wa kuingilia wasimamizi ina milango michache ya kujaribiwa. Haina kinga kamili, kwa kuwa seva yenyewe yaweza kuvamiwa, lakini mlango ambao haupo hauhitaji kufuli.

Hata hivyo, kurasa tuli zina ugonjwa wake, nao ni uzembe. Nimeona tovuti za idara zikiendelea kutangaza zabuni iliyofungwa miaka mitatu nyuma, na kumpongeza mkurugenzi mpya ambaye amekwisha kustaafu. Ukurasa tuli haujui kalenda. Tena, zipo huduma ambazo haziwezi kuwa tuli. Mtu anayeomba pasipoti kupitia eCitizen anahitaji kuona ombi lake, si la jirani, na mfumo wa namna hiyo ukilemewa kwa makusudi, kama ilivyotokea Julai 2023, hakuna nakala ya jana itakayomfaa.

Fomu 34A na jumla zake

Mfano bora ninaoujua wa njia hizi mbili kukutana ni uchaguzi wetu wa Agosti 9, 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura. Kila picha ilikuwa kitu tuli: karatasi iliyojazwa na kutiwa sahihi kituoni, isiyobadilika kwa kutazamwa na mtu mmoja au milioni. Tume haikuweka jumla inayosonga ya kura za urais. Wananchi na vyombo vya habari waliachiwa wapakue na kujumlisha wenyewe.

Basi kila runinga ikawa mkusanyaji. Kwa kuwa kila mmoja alianza na kaunti tofauti na kwa kasi tofauti, jumla zilitofautiana, na kuna saa ambapo chaneli moja ilimweka William Ruto mbele huku nyingine ikimweka Raila Odinga. Watazamaji walipigwa na bumbuazi. Baadaye ujumlishaji huo ulipunguzwa kasi, na taifa likangoja hadi mwenyekiti Wafula Chebukati alipotangaza matokeo Agosti 15. Fomu zilikuwa zile zile kwa wote. Kilichotofautiana ni mkusanyo. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliweza kurudi kwenye karatasi, na hawakupata tofauti za maana baina ya picha za tovuti na fomu halisi.

Linganisha na Machi 2013, ambapo taifa lilitazama jumla zikipanda kwenye skrini pale Bomas of Kenya. Kura zilizokataliwa zilizidi 300,000, zikazua hofu na mabishano, hadi tume ilipoeleza kwamba kosa katika programu lilikuwa likizizidisha mara nane. Wakati huo mwananchi hakuwa na picha ya fomu ya kufungua na kujihakikishia.

Funzo la kiufundi ni kwamba mkusanyo unastahimilika iwapo chini yake kuna kitu tuli ambacho mtu yeyote anaweza kukirudia. Mafundi wanalijua hili, na baadhi yao huziunganisha njia zote mbili. Programu ya Planet, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watengenezaji wa programu huria kukusanya maandishi ya wenzao, huamka kwa saa zilizopangwa, husoma orodha zote za RSS, kisha huandika ukurasa mmoja tuli na kulala. Chanzo kimoja kikiwa kimezimika, wasomaji hawajui. Wanapewa ukurasa ulioandikwa mara ya mwisho. Kukusanya hufanyika kabla ya msomaji kufika, wala si wakati amesimama mlangoni.

Ndivyo nilivyowashauri viongozi wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa mahindi. Ukurasa wao wa mbele ulikuwa na kisanduku cha bei ya gunia la kilo 90, kilichokusanywa kutoka tovuti nyingine. Tovuti hiyo iliacha kuandika bei mpya, lakini haikufungwa, kwa hiyo kisanduku kiliendelea kuonyesha bei ya msimu uliopita. Juu ya ukurasa, saa ya seva iliandika tarehe ya leo. Mwanachama mmoja alibishana na dalali langoni pake akimwonyesha simu, naye dalali akamcheka. Mzee yule alikuja ofisini akiwa na hasira, na sikuona cha kumlaumu.

Tovuti yao mpya ina kurasa tuli tano: historia ya chama, masharti ya mikopo, fomu, maafisa, na jinsi ya kuwasiliana. Bei zimebaki, ila hukusanywa mara moja alfajiri, na karani huzitazama kabla hazijachapishwa. Chini ya kila bei pameandikwa imetoka wapi na siku gani. Zikipita siku mbili bila bei mpya, nambari hutoweka na mahali pake hujitokeza maneno: "Hatujapata bei ya leo. Piga simu ofisini."